Mhitaji Si Daftari la Mazoezi

Leo kalamu yangu haikuja kuzungumzia ngeli wala tamathali za usemi. Imekuja kuzungumzia sindano.

Sote twajua kwamba mwaka huu chama chetu kiliamua kuachana na ile desturi ya kupeleka unga na sabuni tunapowatembelea wazee. Kura ilipigwa, na walio wengi wakasema tuwashonee mfarishi kwa mikono yetu wenyewe. Tangu siku hiyo, kila baada ya chakula cha mchana, darasa lile la mwisho karibu na maktaba limegeuka karakana. Kuna makasi, kuna chaki, kuna vitambaa vya kila rangi, na kuna watu wanaojidunga vidole na kupiga mayowe. Hilo ni zuri. Lakini sasa kumezuka msemo ambao nimeusikia mara nyingi hata nikaona haifai kunyamaza. Mshono ukienda upogo, mtu husema, "Wacha tu, ni ya msaada." Kona za viraka zisipokutana, mwingine huitikia, "Si ni bure? Kwani watatulipa?"

Maoni yangu ni haya, nami nayasema waziwazi ili anayetaka kunipinga ajue mahali pa kuanzia: kitu cha msaada chahitaji kushonwa vizuri hata kuliko kitu cha kuuza. Mwanagenzi ana haki ya kujifunza, lakini hana haki ya kujifunzia juu ya mgongo wa mhitaji.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Siku ya kwanza neno mfarishi lilipotajwa mkutanoni, wengine walicheka wakidhani ni mambo ya farasi. La hasha! Mfarishi ni kifuniko cha kitandani chenye tabaka tatu. Juu kuna uso, ambao kwa mfarishi wetu ni viraka vilivyounganishwa. Katikati kuna kitu cha kuhifadhi joto, kama pamba au blanketi kuukuu lililofuliwa. Chini kuna bitana. Kisha tabaka zote tatu hupitishwa uzi pamoja, ili ile ya katikati isikimbie na kujikusanya pembeni. Joto lenyewe halitoki kwenye kitambaa. Latoka katika mwili wa aliyelala, na hewa iliyonaswa kati ya tabaka zile hulizuia lisiponyoke. Wale wa Fizikia watawaeleza vizuri zaidi.

Na huku kwetu joto si mchezo. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mlima Kenya upande mmoja na safu ya Nyandarua upande wa pili. Nanyuki ni juu zaidi, kupita mita 1,900. Mwezi wa Julai ukungu hushuka asubuhi ukakataa kuondoka, na nguo zilizoanikwa Jumatatu huweza kuwa bado mbichi Jumatano. Sisi wanafunzi wa kutwa twakimbia njiani kuogopa kengele, tukafika tumepata joto. Mzee wa miaka themanini hakimbii. Kwake yeye, kifuniko kinachotatuka usiku si jambo la kuchekesha. Baridi itapenya mgongoni hadi alfajiri, maana hawezi kuamka gizani akaanza kutafuta sindano na miwani. Hilo ndilo lililo hatarini hapa, wala si sifa ya chama chetu.

Sasa mtaniuliza, kwa nini cha msaada kishonwe vizuri kuliko cha kuuza? Hebu tazameni. Nikimpelekea mwalimu insha mbovu, atanisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuniandikia "Rudia." Fundi akikushonea suruali mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, utamrudishia kabla jua halijatua, tena kwa kelele ambazo mtaa mzima utasikia. Kule Nanyuki, akina mama wa kikundi cha Nanyuki Spinners and Weavers wamesokota sufu ya kondoo kwa mkono na kufuma mazulia kwa miongo kadhaa. Mgeni anayeingia pale hanunui huruma, ananunua zulia, na likiwa limepinda ataliacha papo hapo ukutani. Mwalimu, mteja na mtalii wote wana sauti. Mpokeaji wa msaada hana. Apewe nini, atasema asante. Hawezi kurudisha. Akilalamika ataitwa mtu asiye na shukrani, na pengine mwaka ujao asiletewe chochote. Basi kwa kuwa yeye hawezi kutusahihisha, yatulazimu tujisahihishe wenyewe, tena mara mbili.

Haya sikuyasoma kitabuni. Nyanya yangu, au cucu kama tunavyowaita huku kwetu, aliwahi kutembelewa na kikundi fulani cha watu wema. Walimletea sweta iliyofumwa na watu waliokuwa wakijifunza kufuma. Mkono wa kulia ulifika hadi vidoleni, wa kushoto ukakomea kwenye kiwiko. Shingo nayo ilibana hata kichwa kikakataa kupita. Cucu alishukuru, akawaombea baraka, akapigwa picha akiwa ameikumbatia kifuani. Walipoondoka aliikunja vizuri, akakaa kimya kidogo, kisha akaenda kuitandika katika kikapu cha kuku aliyekuwa akilalia mayai. Kuku yule aliangua vifaranga tisa, kwa hiyo siwezi kusema kwamba sweta ile haikumsaidia kiumbe yeyote. Lakini wale wageni nadhani mpaka leo wanaamini kwamba kuna ajuza mahali fulani anayeota joto kwa kazi ya mikono yao. Hakuna aliyewaambia. Kwani nani angewaambia?

Wenzangu, maskini naye ana macho. Aweza kujua kama mtu alimkumbuka, ama kama mtu alikuwa akitafuta pa kutupa.

Najua nitajibiwa kwa methali, maana hiki ni Chama cha Kiswahili na methali ndizo bunduki zetu. Nitaambiwa, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Naikubali methali hiyo kwa mikono miwili. Ila naona tunaitumia visivyo. Methali yasema kwamba hata asiye na mali aweza kutoa. Haisemi kwamba mwenye moyo asijali anachokitoa. Nenda leo kwa mama fukara kabisa akukaribishe kwa mboga za terere. Atazichambua, atazioshа mchanga, atazipika mpaka ziive. Hatakuwekea mbichi kwenye sahani halafu akuambie kutoa ni moyo! Umaskini wa kitu ni jambo moja, uzembe wa mkono ni jambo jingine. Viraka vyetu vyatoka kwenye sare zilizochakaa, mashati ya zamani na mabaki tuliyopewa na mafundi wa Nyeri mjini na wa Karatina. Hiyo si aibu hata chembe.

Tena viraka vina heshima yake duniani. Katika jimbo la Alabama nchini Marekani kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend. Wanawake weusi wa huko, wazao wa watumwa, walishona mifarishi kutokana na nguo za shambani zilizochakaa, suruali zilizopauka magotini na vitambaa vyovyote vilivyopatikana. Nyumba zao ziliingiza baridi, na watoto walihitaji kufunikwa. Mwaka wa 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la sanaa mjini Houston, na watu wakaitazama kama wanavyotazama picha za wachoraji mashuhuri. Hata nyumbani tuna mfano. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 2004, alizuru Japani mwaka wa 2005. Huko alilipenda neno moja, mottainai, ambalo hubeba masikitiko ya kuona kitu chenye thamani kikipotezwa bure. Akalichukua akalitangaza ulimwenguni. Kwa hivyo kutumia kuukuu si kumdharau mtu. Lakini tulielewe neno hilo barabara. Ukichukua kitambaa kuukuu kilicho kizima, ukakiunga kwa mshono utakaoachia kikifuliwa mara moja, umekipoteza mara ya pili, pamoja na uzi na saa zako za mapumziko.

Sikatai kwamba kuna wakati ambapo mshono upogo si neno. Mwaka wa 1987, mjini San Francisco, Cleve Jones na wenzake walianzisha mfarishi mkubwa wa kuwakumbuka waliofariki kwa UKIMWI. Kila kipande kina futi 3 kwa futi 6, kadiri ya kaburi la mtu. Tarehe 11 Oktoba mwaka huo vipande 1,920 vilitandazwa uwanjani mjini Washington, na baadaye vikazidi kuongezeka hadi karibu 50,000. Wengi walioshona hawakuwa mafundi. Walikuwa akina mama, ndugu na marafiki, na wengine huenda walikuwa wakishika sindano kwa mara ya kwanza. Herufi ya jina ikienda upande, hakuna aliyedhurika, kwa sababu mfarishi ule haukushonwa ili mtu alale chini yake. Ulishonwa ili majina yasisahaulike. Naam, hapo ndipo penye tofauti. Anayeshona kwa ajili ya kumbukumbu hupimwa kwa upendo wake. Anayeshona kwa ajili ya baridi hupimwa na baridi yenyewe, nayo baridi haijui kwamba wewe ni mwanagenzi.

Jambo jingine ambalo mtoaji hawezi kulikwepa ni kuuliza. Hapa Nyeri wageni wengi huenda kuliona kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki mwaka wa 1941. Skauti hufundishwa kutenda jambo jema kila siku. Lakini kuna kichekesho cha zamani kuhusu vijana watatu wa skauti waliorudi kwa kiongozi wao wakijisifu kwamba wamemvusha bibi kizee barabara. Kiongozi akauliza, "Mbona ilihitaji watu watatu?" Wakajibu, "Ni kwa sababu hakutaka kuvuka."

Msicheke sana, maana misaada mingi huwa ya namna hiyo. Katika hili nakisifu chama chetu. Pendekezo la kwanza kabisa lilikuwa tuwashonee mifarishi midogo watoto wachanga wa hospitalini. Kabla ya kitambaa chochote kukatwa, katibu wetu alikwenda kumwuliza muuguzi. Muuguzi alimweleza kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hutiwa joto kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mwanawe. Njia hiyo ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo Shirika la Afya Duniani huipendekeza. Isitoshe, mtoto mchanga halazwi na vifuniko vizito vilivyolegea, maana vyaweza kumziba pua. Hivyo basi tukageukia wazee, na huko nako tukauliza. Mlezi wao alitwambia mambo ambayo sisi tusingeyawaza: mfarishi usiwe mzito, kwa kuwa mzee dhaifu hushindwa kugeuka chini yake, usiwe wa jinzi, kwa kuwa jinzi ikifuliwa mwezi wa Julai haikauki, usiwekwe vifungo vya urembo, kwa kuwa humchoma mtu ubavuni, na rangi zisiwe za kuchujuka. Maneno hayo manne yametufaa kuliko vitambaa tulivyopewa siku hiyo.

Sasa turudi kwenye mshono, maana wako wanaosema kwamba tofauti ya inchi kidogo tu haina maana. Wacha tufanye hesabu. Kila mraba wetu hukatwa inchi 5½. Robo inchi huliwa na mshono kila upande, ukabaki mraba wa inchi 5. Miraba 12 kwa upana na 15 kwa urefu hutupa mfarishi wa inchi 60 kwa 75, unaotosha kitanda cha mtu mmoja. Jumla ni miraba 180, na kwa kuwa tuko wanachama 30, kila mmoja wetu ana sita. Haya, mwenye haraka akila thumni moja tu ya inchi zaidi kila upande, mraba wake utapungua robo inchi. Safu nzima ikishonwa hivyo, itapungua inchi 3. Itakuwa inchi 57 ikiunganishwa na jirani yake ya inchi 60. Matokeo yake nini? Ama kitambaa kitajikunja vigongo, ama mtu atavuta kwa nguvu ili zilingane, na mahali palipovutwa ndipo patakapotatuka kwanza. Thumni ya inchi ni nyembamba kuliko kalamu ninayoandikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni usiku wa mtu mwingine.

Nimekwisha kusikia jibu la upande wa pili. Wanasema, "Tukidai ukamilifu, wanagenzi watakufa moyo, na mwisho wa yote hakuna kitakachotolewa." Hoja hiyo ina uzito, sitaipuuza. Lakini siombi ukamilifu. Naomba tu tufanye kama wafanyavyo mafundi. Nendeni barazani mjini muone mwanafunzi wa cherehani anavyoanza. Hupewa karatasi iliyochorwa mistari, akakanyaga cherehani bila uzi, sindano ikatoboa juu ya mstari mpaka mkono na mguu vipatane. Kisha hupewa matambara. Kisha hupewa pindo. Kitambaa cha mteja hukiona kwa macho tu kwa muda mrefu. Hakuna anayesema kwamba fundi amemvunja moyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kwa wavulana wanaokaa mlangoni wakisema kushona ni kazi ya wasichana, naomba mhesabu mafundi wanaume walioko kwenye baraza hizo hizo kabla ya kuendelea kucheka.

Ukweli ni kwamba mikono yetu imenyimwa mazoezi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985 ulinuia kumpa mtoto kazi za mikono pamoja na vitabu. Baadaye somo la sayansi kimu lilipoondolewa katika mtihani wa shule za msingi, sindano nazo zikaondoka darasani, maana siku hizi kisichotahiniwa hakifundishwi. Sisi tuliofanya K.C.P.E. ya mwisho mwaka wa 2023 wengi wetu tulipita shule ya msingi bila kufundishwa kushona hata kifungo. Nao wadogo zetu wa mtaala mpya huagizwa kazi za mikono, lakini si mnajua nani huzifanya saa nne za usiku? Mama! Bibi zetu walitushinda. Wengi walijifunza kushona na kufuma katika vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka wa 1952, na ndio sababu katika nyumba nyingi za huku hukosi vitambaa vya kufumwa juu ya makochi. Jambo la kushangaza ni kwamba baadhi ya wazee tutakaowapelekea mfarishi wanajua kushona kuliko sisi sote. Wakiugeuza upande wa chini wataziona fundo zetu zote na kutusoma kama kitabu. Yafaa tuone haya.

Swali la mwisho ambalo wengi huuliza ni kwamba, mbona tusinunue tu blanketi dukani yakaisha? Nami nasema, ikiwa mtu anatetemeka leo, nunua leo. Usimwambie mtu mwenye baridi angoje miezi mitatu ili wewe ujifunze kushona. Mfarishi ni zawadi ya polepole, na zawadi ya polepole haifai kupelekwa penye haja ya haraka. Lakini haja ya haraka ikishatimizwa, mfarishi una kitu ambacho blanketi la dukani halina. Unamlazimisha anayeshona kumfikiria anayelala. Nilipokuwa nikishona miraba yangu nilijikuta nikijiuliza kama mtu huyu hulala ubavu wa kulia au wa kushoto. Kwa kununua unga sikuwahi kuuliza swali kama hilo. Ila fikira hizo zote zikiishia katika mshono unaotatuka, basi zimemfaa mshonaji peke yake, na mzee amebaki na baridi yake.

Kwa sababu hizo, nakiomba chama kiyazingatie mapendekezo yafuatayo kabla ya ziara, ambayo imekaribia ilhali safu tano bado hazijaunganishwa.

Kwanza, yeyote ambaye mkono wake haujatulia ashone vitu vyetu wenyewe kwanza. Madarasa hayana vifutio vya ubao, na viti vya maktaba vyatuumiza. Tushone vifutio na mito. Mshono ukipinda, tutakaoukalia ni sisi.

Pili, kazi igawanywe kulingana na mkono wa mtu. Kupima, kuchora kwa chaki, kukata, kupiga pasi na kupiga bandi ni kazi zenye heshima sawa na kushona. Wakikuyu husema kwamba kikundi kidogo cha watu huinua kinu. Hawasemi kwamba wote hushika upande mmoja.

Tatu, mfarishi ufanyiwe mtihani kama sisi tufanyiwavyo. Fundi wa mjini aukague. Kila mshono uvutwe. Ufuliwe mara mbili na kuanikwa. Kisha mmoja wetu alale chini yake usiku mzima, nami najitolea. Mahali patakapoachia pafumuliwe na kushonwa upya bila kununa.

Nne, siku ya ziara ikifika kabla kazi haijaiva, tusiupeleke. Fedha za chama zinunue blanketi mbili tatu za dukani, tuwapelekee wazee, mfarishi ufuate muhula ujao. Kuchelewa kwaweza kuombewa radhi, lakini mtu hawezi kulala juu ya radhi.

Tano, na hili najua litawaudhi wapiga picha wetu, picha itakayochapishwa katika jarida hili iwe ya mfarishi, wala isiwe ya mzee ameukumbatia. Mtu asilipie joto kwa uso wake.

Nikitia nanga, nakumbuka methali isemayo, "Mwanzo kokochi, mwisho nazi." Hata sisi wa mlimani tusio na minazi twaielewa: kila fundi alianza akiwa mchanga. Tusione haya kuwa kokochi. Lakini sijasikia mahali popote, Pwani wala bara, ambapo mgeni mwenye kiu hupewa kokochi anywe. Tuisubiri iwe nazi, kisha tumpelekee.

Ni hayo tu, wenzangu. Anayepinga na achukue kalamu, na aliye tayari na achukue sindano. Safu tano bado zinangoja.